Unaitwa William, Wilson, Bill ama Liam? Hii Ndiyo Stori ya Jina Lako, na Si Venye Uliambiwa

Toa kitambulisho chako uangalie. Hapo mbele, kabla ya jina la kwenu na la mzae, kuna lile jina lingine: Robert, Richard, Edwin, William. Ukiuliza mathee lilitoka wapi atakuambia ni "jina la Kikristo". Ukiuliza mabeshte mtaani watasema ni "jina la mzungu". Leo tunashika moja tu, William, na tunalifuata mpaka kwao. Kuna vitu viwili vitakushangaza. Kwanza, kwenye Biblia halimo. Pili, Mwingereza unayedhani ndiye mwenyewe alilipata kwa mkoloni wake.

Na usikimbie kusema "mimi siitwi William". Kama wewe ni Wilson, Willy, Bill, Willis ama Wilkins, uko ndani. Kama umepata mtoi juzi na ukamwita Liam, pia wewe uko ndani.

Maana yake: nia na helmeti

William ni maneno mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni wil, maanake nia, ile nguvu ya ndani inayomfanya mtu aamue "hii kitu lazima nitafanya". Ni mzizi uleule wa neno ambalo Waingereza hutumia kwa wosia, yale makaratasi mdosi huachia wakili ili watoto wasipigane juu ya ploti akishaenda.

La pili ni helm, kofia ya chuma ya vita, na kwa mapana zaidi, kinga. Ile helmeti ambayo mtu wa nduthi hukupa ukipanda, ama anajifanya ameisahau steji, inatoka kwenye neno hilohilo.

Ukiyaweka pamoja unapata Wilhelm: mtu mwenye nia ya kulinda. Kwa hivyo ukiona mahali wameandika ati William ni "zawadi ya Mungu" ama "mpendwa wa malaika", pita tu. Hili lilikuwa jina la watu wa vita, na lilikuwa linatumika Ulaya kabla ya kuwa na mtakatifu yeyote wa kuliitia.

Walikuwa wanaunganisha majina kama sisi

Wenye walianza hii kitu ni makabila ya Kijerumani ya kale. Si Wajerumani wa leo peke yao. Hao ni mababu wa Wajerumani, Waholanzi, Waingereza na watu wa Skandinavia. Wafaranki, wenye walitawala Ufaransa na kuipa hiyo nchi jina, pia walikuwa wa hao.

Njia yao ya kumpa mtoto jina ilikuwa rahisi. Kulikuwa na mfuko wa maneno mazito: vita, utawala, sifa, mali, wanyama wakali. Unachukua moja la mbele na moja la nyuma, unaunganisha. Cheki haya, uone kama beshte yako yumo:

- Robert: sifa + mng'ao
- Richard: utawala + nguvu
- Henry: nyumbani + mtawala
- Edward: mali + mlinzi
- Bernard: dubu + nguvu
- Gerald: mkuki + utawala
- Raymond: ushauri + ulinzi
- Frederick: amani + mtawala

Si lazima majina yalete maana moja safi. Wakati mwingine wazazi walikuwa wanachukua kipande cha baba na kipande cha mama. Mfano mzuri ni askofu mmoja wa Uingereza aliyeitwa Wulfstan, aliyekufa mwaka wa 1095. Babake aliitwa Æthelstan na mamake Wulfgifu. Chukua Wulf kwa mama, chukua stan kwa baba, mtoto ameshapata jina: mbwa mwitu na jiwe. Siku hizi mzazi akifanya hivyo Umoja ama Rongai watu wanamcheka ati ameharibiwa na TikTok. Kumbe ni mambo ya miaka 1000 iliyopita.

Linganisha na kwetu. Majina yetu mengi yanaandika saa, msimu ama ukoo. Otieno alizaliwa usiku, Onyango asubuhi, Wafula wakati wa mvua. Kipkoech alikuja alfajiri, na kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume anamrudisha babu mzaa baba. Ukisikia jina la mtu unajua kitu kuhusu siku aliyokuja ama nyumba aliyotoka. Wale wa kale walikuwa wanamtakia mtoto kitu: awe na nia, awe na kinga, awe na sifa. Ni njia mbili tofauti, na zote mbili zina kichwa.

1066: mwaka Mwingereza alipata mkoloni

Sasa shika hapa, ndipo mambo yanaanza kuchemka.

Kabla ya mwaka wa 1066, Waingereza walikuwa na majina yao: Godwin, Harold, Æthelred, Leofric, Wulfstan. William halikuwa jina la kwao la kila siku. Lilikuwa ng'ambo ya maji, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa.

Na hata hao Wanormandi waliliazima. Mababu zao walikuwa Waviking waliotoka Skandinavia na kupewa ardhi Ufaransa mwaka wa 911. Kiongozi wao aliitwa Rollo. Mtoto wake akaitwa William, jina la Wafaranki waliowakuta hapo. Baada ya vizazi vichache hao Waviking walikuwa wanaongea Kifaransa na wameshakuwa Wakristo. Walitaka kukubalika, wakachukua na majina.

Karibu mwaka wa 1028, kwenye hiyo nyumba ya Rollo, alizaliwa William mwingine. Babake alikuwa mtawala wa Normandy, mamake aliitwa Herleva, na hawakuwa wameoana. Wapinzani hawakumwachia hiyo maneno. Walimwita mwanaharamu maisha yake yote. Babake akafa mwaka wa 1035 na kijana akarithi kiti akiwa na miaka saba ama nane hivi, akizungukwa na watu wenye walitaka afe.

Hakufa. Mfalme Edward wa Uingereza alipoaga Januari 1066 bila mtoto, William alisema aliahidiwa hicho kiti. Waingereza wakamweka Harold, mwana wa Godwin. William akavuka na jeshi, na tarehe 14 Oktoba 1066, karibu na Hastings, Harold akauawa. Siku ya Krismasi mwaka huohuo William akavikwa taji London.

Kilichofuata, kama umesoma historia ya mashamba ya Kenya, ni muvi umeshaona. Ardhi ilinyang'anywa wenyeji ikapewa wasee wa mkoloni. Mwishoni mwa mwaka wa 1085 William aliamuru mashamba ya Uingereza yaandikwe: ni ya nani, yana thamani gani, yana plau ngapi na vinu vingapi. Kitabu kikaonyesha kwamba karibu mashamba yote makubwa yalikuwa yameshahama mikono. Korti na ikulu zikaongea Kifaransa. Mwingereza akabaki na Kiingereza chake huko shambani.

Mdosi akiitwa William, kila mtu anaitwa William

Sasa jiweke kwa viatu vya mzazi Mwingereza wa wakati huo. Wenye nguvu wote wanaitwa William, Robert, Richard na Henry. Mtoto wako anaitwa Æthelred. Mwenye shamba anashindwa kulitamka, watoto wengine wanamcheka. Unafanya nini?

Walifanya venye wazazi wetu walifanya. Ndani ya vizazi vichache, majina ya kienyeji yalikuwa yamekwisha nguvu. Edward aliponea kwa sababu kulikuwa na mfalme mtakatifu mwenye hilo jina. Mengine mengi yalipotea kabisa, na William likawa moja ya majina yanayoongoza nchini kwa karne nyingi.

Kuna kisa cha karne ya 12 kilichoandikwa na Robert wa Torigni, aliyekuwa mkuu wa watawa wa Mont Saint-Michel. Mtoto wa mfalme wa Uingereza alifanya karamu ya Krismasi huko Normandy. Wasee wawili walioitwa William wakaamua kwamba kwenye chumba chao haketi mtu asiyeitwa William. Wengine wote wakatolewa. Wakabaki mashujaa zaidi ya 100, wote William, wakakula pamoja.

Lilibadilika kila lilikopita

Jina likisafiri linabadilishwa na mdomo wa kila nchi. Wafaransa walikuwa na shida na sauti ya W mbele ya neno, wakaweka G. Ndiyo maana William ni Guillaume kwao. Wahispania wakasema Guillermo, Wareno Guilherme, Waitaliano Guglielmo. Wajerumani wamebaki na Wilhelm, Waholanzi Willem, watu wa Wales Gwilym.

Shosho akisema Wiriamu usimcheke. Gĩkũyũ hakina L, na anafanya kilekile Wafaransa walifanya. Tofauti ni kwamba Guillaume la Mfaransa unaliona ni la kishua.

Na mchezo wenyewe unaendelea. Beki wa Arsenal, William Saliba, ni Mfaransa aliyezaliwa Ufaransa, lakini haitwi Guillaume. Anaitwa kwa umbo la Kiingereza. Jina lilitoka Ufaransa likiwa moja, likarudi likiwa lingine.

Bill, Wilson na Liam wanaingiaje?

Bill ni kazi ya mtaa wa Waingereza wa zamani. Walipenda kufupisha jina kisha kubadilisha herufi ya mbele ili liimbe: Rob akawa Bob, Rick akawa Dick, Will akawa Bill. Sisi tunafanya hivyo na Kevo, Stivo, Brayo na Denno. Ndiyo sababu Bill Gates na Bill Clinton kwenye makaratasi yao wote ni William.

Lakini chunga, si kila Will ni William. Will Smith ni Willard. Nusu ya mbele ni ileile, nia, lakini ya nyuma ni "nguvu".

Wilson ni "mwana wa Will". Kwa Waingereza ni jina la ukoo, kazi yake ni ileile ya arap kwa Wakalenjin ama wa kwa Wakikuyu. Wakenya tuliligeuza likawa jina la kwanza. Kwa hivyo Wilson Kipsang, yule mwanariadha, jina lake linaanza na baba Mwingereza ambaye hakuwahi kuwa naye. Mwaka wa 2013 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:03:23, na aliivunjia Berlin, mji ambao zamani ulikuwa makao ya Kaiser Wilhelm. Uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi nao umebeba jina la ukoo la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways mwaka wa 1929.

Na Liam? Wanormandi walivuka Ireland karne ya 12 wakiwa na jina lao. Waairishi wakalisema Uilliam, kisha wakakata mbele wakabaki na Liam. Liam Neeson, yule mzee wa Taken anayetafuta mtoto wake, jina lake kamili linaanza na William. Marekani, Liam limeongoza majina ya watoto wavulana tangu 2017, na kutoka huko kwa sinema na simu ndiyo limefika Kilimani na Kahawa. Ukikata Wilhelm vizuri, kilichobaki kwa Liam ni herufi za mwisho za "nia" na kipande cha helmeti.

Lilifikaje Kenya?

Lilifika na makampuni, bunduki na misheni.

Mwaka wa 1888 kulikuwa na William wawili. Mmoja ni Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland. Mwaka huo kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ilipewa kibali na Malkia Victoria cha kuendesha biashara na utawala huku. Ukienda Mombasa kwa barabara kuu unapita mji unaoitwa Mackinnon Road. Ni yeye huyo.

Wa pili ni Wilhelm, aliyekuwa Kaiser wa Ujerumani mwaka huohuo wa 1888. Umeshasikia ile stori ati Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya bathidei, ndiyo mpaka wetu na Tanzania ukapinda hapo. Tamu, lakini si kweli. Mpaka ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka wa 1886, Wilhelm akiwa hajakalia kiti. Lakini jina lake lilipanda huo mlima. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka wa 1889 alikiita kilele cha Kaiser Wilhelm. Ilibidi ifike 1961, Tanganyika ikipata uhuru, ndipo kikaitwa Uhuru.

Huyo Wilhelm na mfalme George wa Tano wa Uingereza walikuwa binamu, wote wajukuu wa Victoria. Walipogombana mwaka wa 1914, vita vilifika mpaka Taveta. Waafrika wengi walichukuliwa kubebea majeshi mizigo, na wengi hawakurudi nyumbani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikageuza, na leo unashukia Kariokor Nairobi, na ukienda Dar unapata Kariakoo.

Kama halimo kwenye Biblia, mbona kasisi alilitaka?

Kwenye misheni nyingi, ubatizo ulikuja na jina jipya, na shule zilikuwa za misheni. Ukitaka mtoto asome, alihitaji jina la kuandikwa kwenye rejista.

Kwa Wakatoliki ilikuwa imeandikwa. Sheria za Kanisa za mwaka wa 1917 zilimtaka kasisi ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wakikataa, kasisi anaongeza jina la mtakatifu kando ya lile lao na kuandika yote mawili. William lilipita kwa sababu watakatifu wa hilo jina walikuwa wameshapatikana, kama William wa Gellone, kamanda wa vita wa mfalme Charlemagne aliyeacha upanga akawa mtawa. Jina lenyewe ni la vita. Ni watu waliolibeba waliolitakasa.

Hiyo sheria ilibadilishwa mwaka wa 1983. Kanuni ya 855 ya sasa inasema tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko wachunge jina lisiwe kinyume na hisia za Kikristo. Kumaanisha Otieno, Mwende ama Kipchirchir anaweza kubatizwa hivyo hivyo. Mtu akikuambia kanisa linalazimisha la kizungu, anakupa sheria ya wakati wa guka.

Na fikiria hivi: kama William, jina la watu wa vita, lilitakaswa na watu wema waliolibeba, hakuna sababu Wafula asifanyiwe hivyo.

Sasa ufanye nini na lako?

Kuna wale wamelitupa. James Ngugi aliyeandika Weep Not, Child mwaka wa 1964 aliacha "James" miaka ya 1970, na dunia ikamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kama unataka kufuata hiyo njia, sheria inakuruhusu: unaenda kwa wakili, unaapa hati ya kubadilisha jina, inachapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, kisha unabadilisha makaratasi yako moja moja.

Kuna wale wamebeba yote. Rais wetu ni William Kipchirchir Samoei arap Ruto: nia na kinga kutoka kwa Wafaranki, mtoto aliyezaliwa haraka kutoka kwa Wakalenjin, na mwana wa Ruto.

Hakuna aliyekosea hapo. Ila tuwache kusema uongo mbili. Ya kwanza ni kwamba William ni takatifu kuliko jina la kwenu. Ya pili ni kwamba ni mali ya Mwingereza. Mviking alilitoa kwa Mfaranki, Mwingereza akalitoa kwa Mnormandi, Mwairishi akalikata, sisi tukalipata kwa misheni. Karibu kila aliyelichukua alikuwa anaangalia mwenye nguvu anaitwa nani.

Na majina yaliyotupwa huwa hayafi kabisa. Karne ya 19, miaka zaidi ya 700 baada ya Hastings, Waingereza walianza kuyatamani ya mababu zao. Wakayafukua: Alfred, Edwin, Edgar, Harold. Huo ndio wakati wamishonari walikuwa wanapanda meli kuja huku, na ndiyo sababu darasani kwenu kulikuwa na Edwin wawili na Alfred mmoja. Yalikuwa yamezikwa, yakarudi, na sasa yako Kakamega.

Kwa hivyo kama uko njiani kupata mtoto, tafuta maana kabla ya kujaza fomu ya hospitali. Ukipenda Liam, mpe Liam, na siku akiuliza umwambie ni nia na helmeti. Lakini kabla ya hapo pigia shosho ama guka simu, uulize majina ya ukoo ambayo hakuna mtu amepewa kwa miaka mingi. Wao ndio rejista ya mwisho tuliyo nayo, na hiyo haiko kwa intaneti.

Wewe je, lako la kwanza lilitoka wapi: kwa kasisi, kwa mwalimu, ama kwa sinema mathee aliyokuwa anawatch akiwa na mimba yako?